Mkaa Safi wa Baba Rutuba

Nchi hiyo ilikuwepo. Kama haikuwepo, basi wananchi wake walipigwa bure, na haiwezekani watu wapigwe kiasi kile halafu wasiwepo.

Ilikuwa nchi ya amani sana. Amani yenyewe ililindwa kwa marungu, kwa mabomu ya machozi, na kwa gari moja la maji ya kuwasha lililobatizwa jina la Upendo. Asubuhi watu waliamka, wakapigwa kidogo, wakaenda kazini. Mgeni akiuliza kuna nini, aliambiwa hakuna kitu, wanatulizwa tu.

Kiongozi wao aliitwa Baba Rutuba. Zamani aliitwa Baba Barabara, mpaka mvua ikaisomba barabara. Halafu akaitwa Baba Umeme, jina ambalo lilitumika mchana tu. Hili la Rutuba alilipata aliporudi kutoka safari ya ng'ambo, alikokwenda kutibiwa jino akarudi na chupa ya vumbi jeusi.

Wananchi walikusanywa uwanjani, wengine kwa hiari, wengi kwa malori.

"Ndugu wananchi," Baba Rutuba alianza, "mnajua jani linafanya kazi gani?"

Nchi ile, kiongozi akiuliza swali, si kwamba anataka jibu. Bwana mmoja wa nyuma kabisa, mwalimu wa sayansi, akajisahau akasema, "Linatengeneza chakula." Akapigwa, mkutano ukaendelea.

"Jani linatengeneza chakula," alisema Baba Rutuba. "Linakaa juani linapika. Moto wake ni jua, linachota maji kutoka chini, linavuta hewa kutoka juu, linapika mchana kutwa. Wataalamu wanaita usanisinuru. Sasa mimi nauliza. Kazi kubwa namna hiyo, miaka yote hii, jani lilikuwa linaifanya kwa kibali cha nani?"

Watu wakatazamana. Kweli hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo.

"Kuanzia leo kila jani ni mtumishi wa umma. Jani likizembea, ni hujuma. Na mwenye shamba ndiye atajibu, kwa sababu jani halina mgongo wa kuchapwa."

Ndipo akainua ile chupa. Akaeleza kwamba wenzetu huko wanachukua magunzi, pumba na mabua, wanayachoma kwenye pipa lililofunikwa, hewa kidogo sana, mpaka yanageuka mkaa badala ya majivu. Mkaa ule wanausaga wanauweka shambani. Udongo unashika maji, mizizi inanenepa, jani linakuwa la kijani, linakula jua kama limetoka kufunga, na mavuno yanapanda mpaka mtu anatafuta pa kuyaweka.

Yote hayo yalikuwa kweli. Shida ni kwamba Baba Rutuba alisikiliza nusu ya somo alilopewa huko ng'ambo. Nusu ya pili alisinzia, na mkalimani wake hakuwa mtu wa kutafuta kifo kwa kumwamsha.

*

Nusu hiyo ya pili ilikuwa inajulikana na watu wawili waliokaa kwenye mkutano wa wataalamu wiki iliyofuata. Mmoja alikuwa Dokta Mwasubila, bingwa wa udongo. Wa pili alikuwa Kasiani Mlimbila, bwana shamba wa tarafa ya Lumbwe, mwanamume wa makamo, mnene, mwenye diploma yake ya kilimo na tabia ya kukaa viti vya nyuma.

Mwenyekiti alikuwa Waziri Ntimbwa, wa Jua, Majani na Rutuba. Alipouliza kama kuna la kuongeza, Dokta akanyoosha mkono. Kasiani naye akaunyoosha, lakini wa kwake ulifika usawa wa sikio.

"Mheshimiwa," Dokta akasema, "mkaa ni mzuri sana, ila ukitoka kwenye pipa una njaa. Ni kama sponji kavu. Ukiumwaga hivyohivyo shambani, utanyonya kwanza chakula chote cha udongo, hasa naitrojeni, na mmea utakosa. Msimu wa kwanza mahindi yatakuwa ya njano. Lazima tuulishe kwanza. Tuuchanganye na samadi na mkojo wa mifugo, tuache uloweke, ndipo tuweke."

Waziri Ntimbwa akaweka kikombe chini.

"Dokta, rudia taratibu. Zawadi ya Baba Rutuba ichanganywe na nini?"

"Samadi, Mheshimiwa."

"Samadi ni nini?"

"Ni mavi ya ng'ombe, Mheshimiwa. Yaliyooza."

Kasiani akaugeuza mkono wake ukawa unakuna kichwa.

Walinzi walimpiga Dokta kwa miguu ya viti. Viti vyenyewe vilikuwa vya mkutano, kwa hiyo washiriki wa safu ya mbele waliombwa wasimame kwa muda, nao wakasimama kwa nidhamu kubwa. Jino moja liliruka likatua kwenye chai ya Waziri. Waziri akalitoa kwa kijiko, akaendelea kunywa, maana sukari ilikuwa imeshakolea. Dokta aliburutwa nje kichwa kikigonga kila ngazi, na katibu wa mkutano akaandika kwamba mjumbe mmoja alitoka mapema.

Hapohapo ikapitishwa sheria. Mkaa wa Baba Rutuba ni zawadi safi. Kuuchanganya na kinyesi ni sawa na kumchanganya aliyeutoa na kinyesi. Mkosaji atatiwa kwenye pipa mzima mzima, na ikithibitika baadaye kwamba hana hatia, atatolewa.

*

Magunzi ya nchi yaliisha haraka. Kikosi cha Vijana wa Pipa kilikuwa kimepangiwa kiwango cha mkaa, na kiwango hakijui kama magunzi yameisha. Wakaingia majumbani. Walianza na mabua ya paa, wakaja vitanda, wakaja vinu na michi. Mzee mmoja aliyeng'ang'ania kitanda chake walimchoma viganja mpaka akakiachia, halafu wakampongeza kwa mchango. Fundi viatu wa pale Lumbwe alikuwa na mguu wa mti. Walijaribu kuufungua, mikanda ikakataa, wakaona muda unapotea. Wakauingiza mguu kwenye pipa akiwa bado anaumiliki. Kelele zake zilisikika hadi kanisani, na kwaya ikaongeza sauti.

Kasiani ndiye alikuwa msimamizi wa moto. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mapipa hayaingiwi na hewa. Aliifanya vizuri, na kila jioni alitapika.

Walipofika kwa dada yake, Sabela, mjane aliyemlea toka akiwa hajui kujifunga kaptula, vijana walichukua mlango.

"Kasi," Sabela akasema, "huo ni mlango wangu."

"Ni mchango wa taifa, dada."

"Sawa. Na mbuzi wakiingia ndani nao niwaambie ni taifa?"

Kijana mmoja akampiga kibao. Sabela akayumba, akashika ukuta, akamtazama yule kijana kama anayemtafutia ukoo wake. Kasiani akajifanya anaangalia pipa. Ila vijana walipokwenda nyumba ya pili, alibaki nyuma kidogo akifunga kamba ya kiatu.

"Dada, sikiliza. Huo mkaa watakaokuletea usiumwage hivyohivyo. Ulishe kwanza. Mavi ya ng'ombe, mkojo, uache uloweke kwenye shimo wiki kadhaa, ufunike na majani ya mgomba watu wasione."

"Mkojo wa ng'ombe peke yake?"

"Wowote, dada."

"Basi hapo nina uwezo," Sabela akasema, akiwa bado ameshika shavu.

*

Mvua zikanyesha. Nchi nzima ikapanda kwenye mkaa safi, mtupu, usio na doa la samadi. Mahindi yakatoka, yakasimama kidogo, yakaanza kubadilika rangi. Alichosema Dokta kikatokea shamba kwa shamba. Mkaa uliokuwa na njaa ulinyonya udongo, jani likakosa chakula, likakosa ukijani, na jani lisilo na ukijani halishiki jua hata likikaa nalo kutwa. Usanisinuru ukasimama. Nchi nzima ikawa ya njano kutoka mpaka hadi mpaka.

Sasa ni lazima msomaji ajue kwamba njano ilikuwa rangi ya kile chama. Jina lake lilikuwa halitajwi, na wanachama wake walikuwa hawapo kwa sababu walishakamatwa. Rangi yenyewe ilipigwa marufuku. Ndizi ziliuzwa mbichi tu. Papai lililoivia sokoni lilisababisha soko kufungwa. Kiini cha yai watu walikula wakiwa wamefumba macho, na binti aliyepika pilau akazidisha manjano alifungwa pamoja na shemeji zake walioalikwa.

Na leo mahindi yote yako vile.

Redio ikakata muziki. "Ndugu wananchi," ilisema sauti ya Baba Rutuba, nzito kama ya mtu aliyefiwa, "mahindi yameasi. Tuliyapa mkaa, yamejiunga na upinzani. Tena yamejiunga hadharani, mchana, mbele ya watoto. Nimeagiza jeshi lirudishe kijani."

Jeshi likaingia mashambani. Askari walitandika mahindi kwa virungu, kwa vitako vya bunduki, wakakanyaga, wakang'oa. Kapteni Ngwembe, aliyepewa tarafa ya Lumbwe, alilikaba shina moja shingoni akaliuliza limetumwa na nani. Shina likanyamaza.

"Huyu amepata mafunzo," Kapteni akasema, akalipiga risasi.

Baada ya mahindi wakaja wenye mahindi. Kasiani alipewa cheo cha Afisa Rangi na kipande cha kitambaa cha kijani kilichokatwa kwenye bendera ya taifa. Kazi yake ilikuwa kuweka kitambaa kando ya jani. Vikifanana, mkulima anapewa mkono. Visipofanana, mkulima analazwa kifudifudi kwenye tuta, anachapwa mpaka jani libadilike. Majani hayakubadilika. Wakulima walibadilika. Wengine walivimba, wengine wakapoteza macho, na mmoja, bwana mpole aliyekuwa akipiga kengele ya shule, aliacha kupumua wakati Kapteni bado anahesabu. Kapteni akakasirika kwa kukatizwa, akaanza upya.

"Afisa Rangi," Kapteni alikuwa akiuliza kila shamba, "unaona nini?"

"Naona rangi hafifu, afande."

"Sema kwa sauti, mwenyewe asikie."

"Hafifu."

Usiku Kasiani hakulala. Mchana alikuwa akisinzia amesimama, kitambaa mkononi, na watu wakilia miguuni pake.

*

Shamba la Sabela walilifikia likiwa la mwisho. Walikuwa watatu mbele, Kapteni, Kasiani, na Katibu Tarafa, mzee Kidundo, mwanasiasa mwembamba aliyefuatana nao kwa ajili ya kutoa hotuba za shukrani baada ya viboko. Askari walikuja nyuma.

Walipopanda kile kilima, Kapteni akavua kofia.

Mahindi yalikuwa yamesimama juu ya kichwa cha mtu. Majani mapana, yamepindana, ya kijani kile kizito kinachokaribia weusi. Upepo ulikuwa unapita humo ndani unatoka na sauti. Kasiani aliweka kitambaa cha bendera kando ya jani, na kwa mara ya kwanza bendera ndiyo ilionekana imepauka.

"Huyu mama ni mzalendo," Kapteni akasema polepole. "Mama, umefanyaje?"

Sabela alikuwa amesimama na jembe. "Nimelima, baba."

"Umelima tu?"

"Na kuomba."

Kasiani alihisi jasho linamshuka mgongoni hadi kwenye mkanda. Harufu haikuwa kali, lakini aliyekulia nyumba yenye zizi angeijua. Bahati nzuri Kapteni alikulia kambini. Akaanza kucheka, akamgeukia Katibu Tarafa ampe mkono wa furaha, na Katibu Tarafa naye akafungua macho vizuri kwa tabasamu. Jua likamwingia machoni.

Kapteni akaacha kucheka.

"Katibu. Hebu fungua macho tena."

"Ni ini, Kapteni," mzee Kidundo akasema upesi. "Naumwa ini. Niko kwenye dawa."

"Ini lako ni mwanachama?"

"Kapteni, mimi nimeanza chama chetu kabla wewe hujazaliwa."

"Na macho yako yamejiunga lini kule? Afisa Rangi, pima."

Kasiani hakusogea. Kapteni akaikoki bastola, hakuielekeza kwa mtu maalumu. Kasiani akasogea. Akainua kitambaa akakiweka kando ya jicho la mzee Kidundo, mtu aliyewahi kumsimamia ndoa yake, na lile jicho likamtazama kwa karibu sana, njano kama embe.

"Unaona nini?"

"Ni mgonjwa, afande."

"Sikuuliza ugonjwa. Nimeuliza rangi."

Mzee Kidundo akasema kwa sauti ya chini, "Sema tu, Kasiani. Atatuua wote."

"Hafifu," Kasiani akasema.

Risasi ilipita kwenye lile jicho lililopimwa. Mzee akaangukia kwenye mahindi, na kwa kuwa sehemu nyingine yote ilikuwa kavu na ngumu, na humu udongo umelegea kama uji, askari wakachimba hapohapo katikati ya mistari.

"Jamani," Sabela akasema, "hapo nimepanda."

"Unabisha?"

"Sibishi, baba. Nasema mfukieni chini kidogo, mizizi isikatike."

*

Habari ya shamba la kijani ilimfikia Baba Rutuba siku hiyohiyo. Akatangaza kwamba atakuja mwenyewe. Msafara ungechukua wiki kadhaa kujipanga, kwa sababu miti yote ya njiani ilitakiwa kupakwa rangi.

Kapteni alimweleza Kasiani utaratibu. "Akifika anachota udongo anauonja. Ndiyo desturi yake, anasema kijana wa shamba haulizi, anaonja. Akikuta mkaa safi, dada yako anapata nishani. Akikuta uchafu, kuna pipa. Nimeliweka tayari, ili tusimcheleweshe mheshimiwa."

Kasiani akaenda mbio kwa dada yake, akamkuta anapalilia.

"Dada, ondoka. Nenda kokote."

"Niache shamba? Hili ndilo limebaki na chakula kuanzia hapa mpaka mtoni. Watu wanakuja kuniuliza nimefanyaje, nawaambia nimeomba. Wanarudi wanaomba, Kasi. Watoto wao wanakufa wakiomba." Akang'oa gugu akalitupa. "Acha aje. Nitamwambia ni mavi. Akisikia kwa masikio yake, ataruhusu, na watu watapona."

"Ataruhusu? Dokta aliwaambia vizuri kuliko wewe, kwa adabu, na tai kaifunga. Walimpasua kichwa kwa miguu ya viti. Dada, watakutia kwenye pipa. Mimi ndiye msimamizi wa mapipa. Wataniambia nifunike."

Sabela akaweka jembe chini.

"Na wewe utafunika?"

Kasiani akainama akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari, na hilo lilimuumiza dada yake kuliko kibao cha yule kijana.

*

Baba Rutuba alifika na magari mengi kiasi kwamba la mbele lilikuwa limefika na la nyuma lilikuwa bado halijaondoka. Waziri Ntimbwa alishuka wa pili, akihema, tumbo likimtangulia. Pipa lilikuwa pembeni, moto umeshawashwa.

Baba Rutuba akaingia mistarini. Akayashika majani. Machozi yakamlenga.

"Haya ndiyo majani yangu," akasema. "Haya yanajua kazi."

Akainama, akachota udongo mweusi chini ya mhindi mkubwa kuliko yote, akautia mdomoni. Msafara mzima ukashika pumzi. Akautafuna, akaugeuza upande huu na upande ule, akameza.

"Una chumvichumvi," akasema.

Sabela akatazama chini.

"Mkaa wangu hauna chumvi. Mama, hii chumvi imetoka wapi?"

Sabela akainua uso. Kasiani aliuona mdomo wake unafunguka, na kwa pembe ya jicho akaona Kapteni anashika kifuniko cha pipa. Basi yule mtu wa viti vya nyuma, aliyekuwa hajawahi kunyoosha mkono ukavuka sikio, akajikuta yuko mbele ya Baba Rutuba, amepiga magoti, kitambaa kimemwanguka.

"Mheshimiwa, ni kiongozi," akasema.

"Nini?"

"Hiyo chumvi. Hapo ulipochota amelala Katibu Tarafa. Mzee Kidundo. Alizikwa hapo na jeshi. Mkaa ni wako, safi, haujaguswa. Ila umelala na kiongozi, Mheshimiwa, na kiongozi ametoka kwenye mikono yako. Ndiyo maana mahindi yamekubali."

Baba Rutuba akautazama ule mhindi mkubwa kuliko yote, akatazama chini yake, akatafuna kilichobaki kwenye meno.

"Kidundo," akasema. "Miaka yote kwenye tarafa, hakuwahi kuotesha hata nyasi." Akatikisa kichwa kwa mshangao wa kweli. "Kumbe tulikuwa tunawatumia vibaya. Tunawakalisha ofisini, kumbe mahali pao ni huku."

Akageuka taratibu akawatazama viongozi wake mmoja mmoja, si nyuso, bali mapana. Mkuu wa wilaya akavuta tumbo ndani. Mkuu wa mkoa akajificha nyuma ya mhindi. Macho ya Baba Rutuba yakaendelea mpaka yakamfikia Waziri Ntimbwa, yakatulia.

"Ntimbwa," akasema kwa upole, "wewe peke yako unatosha ekari ngapi?"

"Mheshimiwa," Waziri akasema, na sauti ikamtoka nyembamba, "huyu anakudanganya. Mimi nimelelewa na babu mfugaji, nimenusa toka nilipofungua mlango wa gari. Hapa pamewekwa mavi. Mavi ya ng'ombe, Mheshimiwa, na mkojo. Alichosema yule Dokta ndicho kilichofanyika hapa. Hiyo chumvi si ya Kidundo, hiyo ni mkojo."

Hata mahindi yaliacha kuchakarika.

"Ntimbwa."

"Naam, Mheshimiwa."

"Nimeonja."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Nimemeza."

"Ndiyo, Mheshi..."

"Sasa unawaambia wananchi kwamba tumboni mwangu kuna nini?"

Waziri Ntimbwa akageuka kutafuta wa kumsaidia. Msafara wote ulikuwa unamtazama, na kila mmoja alikuwa amesogea hatua moja mbali naye, kwa hiyo alibaki na uwanja wake peke yake, mpana, kama wa mcheza ngoma.

"Kuna... kuna mkaa safi, Mheshimiwa."

"Umechelewa," Baba Rutuba akasema.

Hawakutumia bunduki, kwa sababu Baba Rutuba alisema risasi ina madini yasiyofaa udongo. Walitumia majembe. La kwanza lilimpata begani, akakimbia nalo likiwa limening'inia, akavuka mistari miwili akiita jina la mama yake. La pili likamkata mguu nyuma ya goti. Alipoanguka walimaliza kama watu wanaovunja mabonge ya tuta, wakihema, wakipokezana, mpaka shati lake jeupe likawa halina sehemu nyeupe. Damu ilikimbilia chini upesi sana. Ule mkaa, kama alivyosema Dokta, ulikuwa ni sponji.

"Mnaona," Baba Rutuba akawaambia waandishi. "Unapokea."

Halafu akamwinua Kasiani aliyekuwa bado amepiga magoti, akamfuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe.

"Jina?"

"Kasiani Mlimbila, Mheshimiwa."

"Mlimbila, nchi ina njaa ya watu kama wewe. Kuanzia sasa wewe ndiye Waziri wa Jua, Majani na Rutuba. Mama huyu asiguswe na mtu. Shamba hili ni la mfano."

Watu wakapiga makofi. Waliopiga kwa nguvu zaidi walikuwa wanene.

*

Msafara ukaondoka. Likabaki gari moja jeusi lenye bendera ndogo mbele, na dereva aliyekuwa akifuta kiti cha nyuma kwa kitambaa. Redio ya gari ilikuwa wazi. Mtangazaji alikuwa anasoma utaratibu mpya kwa furaha: viongozi wa ngazi zote watapangiwa mashamba kabla ya mvua zijazo, na ili wananchi wafaidi mapema, wataanza wale wenye miili mikubwa.

Kasiani alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba isiyo na mlango. Tumbo lilikuwa linamnguruma kwa sababu hakuwa ametia kitu mdomoni tangu alfajiri. Sabela akatoka jikoni na sahani, mahindi mabichi ya kuchemsha yaliyotangulia kukomaa, na maharage yaliyoungwa vizuri, yanatoa mvuke.

"Nimesikia uliyosema," akamwambia. "Sikujua kama una mdomo hivyo."

"Wangekuchoma, dada."

"Najua." Akatazama gari. "Lile la nani?"

"Langu. Mimi ndiye Waziri sasa."

Sabela akasimama na sahani mkononi. Redio ikarudia tangazo kwa wale waliochelewa kusikia. Akamtazama mdogo wake kuanzia shingoni, akashuka kifuani, akafika tumboni, akakaa hapo na macho yake kwa muda.

Kasiani akanyoosha mkono apokee sahani. Sabela akairudisha nyuma.

"Dada, sijala tangu asubuhi."

"Vizuri," Sabela akasema. "Endelea hivyohivyo."